Vigoda vya Kuzunguka Sinia

Bi Mwanamkasi binti Dadi alikuwa msusi wa mikeka, na kwa kiti hakuwa na haja. Katika nyumba yake ya mawe, mtaa wa zamani wa Bagamoyo, mlikuwa na kiti kimoja tu cha mikono alichoachiwa na marehemu mumewe, nacho kilirundikwa nguo zinazosubiri pasi. Watu walikaa mkekani. Yeye mwenyewe alishinda chini akisuka ukili, miguu ameinyoosha, mgongo kauegemeza ukutani, na alipotaka kusimama alisimama bila kushika kitu, ingawa umri wake ulikwisha kupita hamsini.

Nilipanga chumba kwake mwaka wa 1971, nikiwa nimechoka kulala katika hoteli za miji ya watu. Nilikuta nyumba ya wanawake watatu: yeye, dada yake Bi Mize aliyemzidi miaka mingi, na bintiye Chausiku, mwalimu wa shule ya msingi. Mimi nikawa mwanamke wa nne kwenye sinia.

Siku moja mwishoni mwa Rajabu tulimaliza kula chakula cha mchana, Chausiku akaondoa sinia, na Bi Mize akashindwa kuinuka. Alijaribu kwa mkono wa kulia, akajaribu kwa wa kushoto, akapiga magoti, akarudi chini. Yeye mwenyewe ndiye aliyeanza kucheka.

"Njooni mnivute," akasema. "Nimekwama kama lori la mkaa."

Tukamvuta, wawili mikononi, mmoja kiunoni, naye akatoa ukelele ambao haukuwa wa mchezo. Magoti yalikuwa yamevimba. Hospitali wakampa vidonge na onyo: asikae chini tena.

Siku ile ile Mwanamkasi alizitoa nguo kwenye kile kiti, akakipangusa, akakiweka ukumbini, mahali petu pa kulia chakula. Bi Mize akaketi juu, sahani yake mapajani; sisi tukakaa chini kuzunguka sinia. Akala matonge machache, kisha akaifunika sahani kwa kiganja.

"Mbona huli, Dada?"

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini?"

"Nimeshiba kuwatazama visogo."

Nilidhani ni utani. Kesho yake ikawa vile vile, na kesho kutwa. Chausiku ndiye aliyenieleza tulipokuwa tukichota maji. Babu yake, Mzee Dadi, alipopatwa na kifua kikuu alitengewa sahani yake, kikombe chake na kijiko chake, akawa anakula peke yake karibu na mlango wa uani. Aliyempelekea chakula ni Mize, wakati huo msichana anayekaribia kuolewa. Alimpelekea mpaka siku alipofariki. Tangu hapo Mize hajakubali kupakuliwa sahani ya peke yake, hata arusini.

Shaabani ikaandama, na Bi Mize akawa anaishi kwa chai na mkate. Kanga ikaanza kumzunguka mara nyingi kuliko zamani. Mwanamkasi alimpikia kila alichokipenda, pweza wa nazi, wali wa kukaanga, na kila alichopika kilirudi jikoni kimechokonolewa pembeni tu.

"Na Ramadhani?" akamwuliza siku moja. "Utafungaje na tumbo hilo tupu?"

"Nitafunga. Mtanipa tende yangu mkononi, nitakunywa maji, nitakwenda kulala. Kufutari kwenye kiti kama mwenye maradhi ya kuambukiza, hapana."

Mwanamkasi akauweka chini ukili aliokuwa akiushona. "Haya," akasema. "Kama yeye hawezi kushuka, basi sisi tutapanda."

Kwa mtu aliyesuka nusu ya mikeka ya arusi ya mji ule, hayo hayakuwa maneno mepesi. Akaamua kutafuta vigoda vinne vya kimo kimoja, vya kuzunguka sinia, kabla mwezi haujaandama.

Alianza kwa Kibwana, seremala wa karibu na soko.

"Shikamoo, Bi Mwanamkasi."

"Marahaba. Nataka stuli nne."

"Za baa au za nyumbani?"

"Kibwana, mimi na baa wapi na wapi?"

"Nauliza kimo tu, mama, usinipige."

Akamwonyesha kwa kiganja, usawa wa goti lake. Baada ya siku chache stuli zikaja, zimepigwa msasa na vanishi, nzuri za kuwekwa dirishani. Kwenye karakana zilikuwa zimesimama vizuri. Ukumbini kwa Mwanamkasi hazikusimama. Sakafu ile ya chokaa ilikuwa imekanyagwa tangu enzi za babu wa babu yao. Hapa imebonyea, pale imetuna, kwingine imeinamia mlango. Bi Mize alipoketi, stuli ikamlaza kushoto. Alipojiweka sawa, ikamlaza kulia. Akashika ukuta kwa mikono miwili.

"Hii ni stuli au bembea?"

Kibwana akaitwa, akaja na msumeno. Alipiga magoti, akafumba jicho moja, akatazama chini ya miguu ya stuli. "Stuli yangu iko sawa, mama. Sakafu yako ndiyo haiko sawa."

"Kwa hiyo niikate sakafu?"

"La, nitapunguza mguu mmoja kidogo tu."

Akapunguza mmoja. Stuli ikahamia upande wa pili. Akapunguza wa pili, ikarudi. Mwanamkasi alisimama juu yake, mikono kiunoni, akiangalia vipande vya mbao vikianguka kwenye sakafu yake. Isitoshe, stuli iliyotulia mahali pamoja, ukiisogeza hatua moja, ilianza tena. Adhana ya alasiri ilimkuta Kibwana bado anakata. Alipomaliza, zote nne zilikuwa zimetulia, na zote nne zilikuwa zimefika nusu ya mashavu ya miguu yetu.

Bi Mize aliitazama iliyokuwa yake. "Umeniletea mbuzi ya kukunia nazi," akasema. "Meno umeyasahau karakana."

Kibwana akacheka, akaona hakuna mwenzake anayecheka, akafunga vifaa vyake. Stuli zikasukumwa uvunguni.

Jirani wa mlango wa pili, Bi Ashatu, alituazima viti vyake vya chuma vilivyofumwa kwa mipira. Hivyo angalau vilikuwa vizito na havikucheza sana. Tukatandika mkeka katikati, tukaweka sinia la wali na mchuzi wa samaki, tukaketi juu. Hapo ndipo tulipoona jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amelifikiria. Mtu akikaa mkekani, miguu huikunja akaificha. Akikaa juu, miguu hutua pale pale palipo chakula. Tulikuwa wanne, na nyayo zetu zote zilikuwa zimelizunguka sinia kama wageni walioalikwa.

"Mwanamkasi," Bi Mize akasema, "mimi nile mchuzi huku kidole gumba cha Chausiku kikinitazama?"

"Nimekiosha, Mama Mkubwa."

"Hata ungekifukiza udi."

Basi tukainua sinia, tukaliweka juu ya meza ndogo ambayo Chausiku alikuwa akisahihishia madaftari. Meza ilikuwa ndefu kuliko viti vile vilivyobonyea, tukajikuta tumefikiwa na wali kifuani. Bi Mize aliinua mkono, akamega tonge, likamwangukia mapajani kabla halijafika.

"Sasa tuko hotelini," akasema. "Mwiteni boi alete bili."

Chausiku alicheka peke yake. Mwanamkasi aliondoka akaenda jikoni, na tukasikia mifuniko ya masufuria ikitupwa, mmoja baada ya mwingine.

Nilimfuata. Nikamwambia kwamba nilipokuwa Abesinia niliona chakula kikiletwa juu ya kikapu chenye mguu, na walaji wamekaa kwenye vigoda vya chini vya miguu mitatu, na kigoda cha miguu mitatu hakichezi hata ukikiweka juu ya mawe.

"Huko kwenu Abesinia."

"Si kwetu. Nilipita tu."

"Ndiyo shida yako, bibie. Wewe hutulii mahali, halafu unataka kunifundisha kukaa." Akaokota mfuniko. "Nyumba hii kigoda cha miguu mitatu hakiingii."

Sikuelewa kwa nini, wala hakunieleza. Wiki ile nilikuwa na safari ya Korogwe. Wakati wa kurudi niliteremka Msata kungoja gari la Bagamoyo, na barazani mwa duka la chai nikamwona mzee wa Kikwere, jina lake Pazi, akichonga vigoda kwa tezo. Kila kimoja kilitoka kwenye gogo moja: kiti cha duara, miguu mitatu iliyotanuka, hakuna msumari wala gundi. Nilikaa juu ya kimoja pale pale kwenye kokoto. Kilitulia kama kimeota. Nikakinunua, nikakipakata njia nzima, nikijiona nimeleta dawa ya nyumba.

Mwanamkasi alinikuta nacho mlangoni.

"Kitoe hicho kizingitini mwangu."

"Kina nini?"

"Huoni? Ni kigoda cha mganga. Cha kukalishia wenye pepo." Alitazama njiani kulia na kushoto, akakichukua mwenyewe, akakikimbiza ndani, akakitupia mkeka juu. "Watu wakikiona watasema nimeanza kupunga. Mimi, binti Dadi!"

Nilijaribu kumwambia kwamba aliyekichonga alikuwa akinywa chai na kulalamika juu ya bei ya sukari, kwamba mti ni mti. Hakunisikiliza. Nimekutana na mambo ya namna hii katika nchi nyingi, watu wanaokataa kitu chema kwa sababu ya nani mwingine anakitumia, na mpaka leo sijajifunza kustahimili.

Sauti ya Bi Mize ikatoka chumbani. "Nini hicho?"

"Hakuna kitu, Dada."

"Kinacheza?"

Mimi nikajibu. "Hakichezi, Bi Mize."

Jicho alilonipiga Mwanamkasi nalikumbuka hadi leo.

Bi Mize akaja akijikokota, akaufunua mkeka. Mdogo wake alikimbilia kufunga mlango wa mbele, akaweka na komeo. Bi Mize akageuka, akajishusha taratibu, akakaa. Akajitikisa kushoto, akajitikisa kulia. Akakaa kidogo kama anayesikiliza. Kisha akaegemeza viganja kwenye mapaja, akasimama, peke yake, bila kuita mtu.

Tangu mwisho wa Rajabu hatukuwa tumeliona jambo hilo.

"Tafuta vingine vitatu," akasema, akarudi chumbani.

Zilikuwa zimebaki siku chache tu Ramadhani iingie. Mwanamkasi alivaa buibui, akachukua magunia mawili na sindano ya kushonea, tukaenda Msata. Alikuwa amekata kipande cha ukili sawasawa na kimo cha kigoda cha nyumbani, amekiviringisha akakitia kifuani.

Pazi alitutolea vigoda vyote alivyokuwa navyo. Mwanamkasi alikipindua kila kimoja juu chini, akakigonga kwa kidole, akakipima kwa ukili, akakikalia, akasimama, akakikalia tena. Chenye pambo alikitenga bila kukikalia.

"Hicho kina nini, mama?"

"Kina macho."

"Hayo si macho, ni nakshi."

"Yananitazama. Nataka visivyo na kitu. Visivyo na alama yoyote ya uganga."

Mzee akaweka tezo chini. "Mimi si mganga. Babu yangu alikuwa akiwachongea majumbe. Sasa majumbe wamefutwa, nawachongea wenye magoti."

"Basi usinikasirikie, nina mwenye magoti nyumbani."

Akarudia kupima. Kimoja kilizidi upana wa kidole, akakirudisha. Kingine kilikuwa sawa lakini kina ufa, akakirudisha. Basi la kwanza likapita, hatukulipanda.

"Mama," Pazi akasema, "unanunua kigoda au unaposa?"

"Ningekuwa naposa, mchumba angekwisha kukubali."

Hatimaye akapata vitatu. Nikadhani shughuli imekwisha. Kumbe alikuwa bado na magunia yake. Akavitia ndani, akavifunika kwa vipande vya mkeka, akashona midomo ya magunia kwa mshono wa karibu karibu, pasionekane hata pembe ya mguu. Nilimsihi. Nikamwambia vigoda vikibebwa wazi vitapita kama vigoda, hakuna atakayegeuza shingo.

"Wewe si wa hapa," akajibu, akakata uzi kwa meno.

Utingo wa basi aliyapima magunia kwa macho. "Mama, ngoma zinakwenda juu."

"Si ngoma."

"Basi ni nini?"

"Mizigo."

"Mizigo gani ya duara, mizito, imeshonwa kama maiti?"

"Panda gari lako, mwanangu, uache kuuliza."

Hapo basi zima likanyamaza. Mwanamke aliyekaa mbele yetu alimhamisha mwanawe kutoka goti hili kwenda goti lile. Mwingine akanong'ona na jirani yake, na wote wawili wakamtazama Mwanamkasi kwa huruma. Naye akakaza shingo, akatazama mbele njia nzima, na kadiri alivyokaza ndivyo walivyozidi kusadiki. Tulipofika Bagamoyo utingo akamwita hamali kwa sauti iliyosikika mpaka sokoni: "Njoo uchukue ngoma za mama!"

Jioni ile, baada ya Isha, Bi Ashatu aligonga mlango. Alikuwa na ubani aliousokota ndani ya karatasi.

"Pole, shoga yangu," akasema kwa sauti ya chini. "Ungeniambia tu, sisi si watu mbali. Ni wa Kiarabu au wa bara?"

"Nani?"

"Pepo."

"Ashatu, ni vigoda!"

"Najua. Lazima mviite hivyo."

"Ni vigoda vya kufutaria! Dada hawezi kukaa chini!"

Bi Ashatu akafikiri. "Lakini Ramadhani si wamefungwa minyororo? Au wako hawafungwi?"

Mwanamkasi alimfungia mlango usoni, jambo ambalo hakuwa amepata kumfanyia jirani maishani mwake, kisha akakaa nyuma ya mlango ule ule, chini, akalia kwa hasira. Kutoka chumbani Bi Mize akauliza nani alikuwa anagonga.

"Ashatu. Kaleta ubani."

"Mshukuru."

Siku ya kwanza ya Ramadhani, karibu na magharibi, tulipanga vigoda vinne ukumbini. Sinia la magimbi ya nazi likasubiri jikoni chini ya kawa, maana lilikuwa halijapata mahali. Tukiliweka chini, miguu inalizunguka. Tukiliweka mezani, linatufika kifuani. Chausiku akapiga magoti, akaingia uvunguni, akatoka na stuli mbili za Kibwana zilizokatwa. Akaziweka ubavu kwa ubavu, akalaza sinia juu. Zikacheza. Akakunja vipande vya ukili uliobaki, akachomeka hapa na pale mpaka zikatulia. Chakula kikawa chini kidogo ya magoti, na miguu yetu ikapata pa kurudi nyuma.

Adhana ikaadhiniwa. Tukala tende, tukanywa maji. Bi Mize akanawa, akavuta kigoda chake karibu, akaingiza mkono kwenye sinia kabla ya sisi sote. Alimega gimbi, akalichovya kwenye tui, akalila. Akamega jingine. Mimi na Chausiku tukawa tunatazama ukuta ili asituone tunamtazama. Alikula kama mtu aliyerudi safari.

Kwa muda hatukugundua kwamba mdogo wake hali. Mwanamkasi alikuwa amekaa kwenye kigoda chake kama amewekwa na mtu mwingine. Mgongo haukuwa na ukuta wa kuegemea. Miguu aliivuta, akaitanua, akaipandanisha, akaishusha. Aliingiza mkono kwenye sinia, akautoa mtupu. Mwishowe, polepole, akidhani hatuoni, akateleza kutoka kwenye kigoda mpaka mkekani, kwenye mkeka alioushona mwenyewe, akanyoosha miguu, akashusha pumzi.

"Mwanamkasi, uko wapi?"

"Niko hapa, Dada."

"Hapa wapi? Naona kilemba cha kanga tu."

"Chini kunanifaa. Nyinyi kuleni."

"Nani kakwambia ule mbali na mimi?"

"Si mbali, Dada, ni hapa hapa. Mgongo unaniuma. Tangu nizaliwe sijala juu ya mti."

Bi Mize akaacha kutafuna. Akaweka kiganja kimoja juu ya goti, kingine juu ya ukingo wa kigoda, akaanza kuinama, taratibu, kama anayetaka kushuka.

"Dada, usifanye hivyo!"

"Panda, basi."

"Dada..."

"Nimekwambia panda."

Mwanamkasi akapanda. Akajikunyata juu ya kigoda, uso umekunjamana, mgongo umekakamaa kama wa mtu anayengoja zamu hospitalini, na akala futari yake tonge moja moja huku akitazama mkeka kwa jicho la mtu aliyefukuzwa kwao.

"Kesho namwita Kibwana," akasema. "Aje anikatie changu."

"Hakikatwi hata kidogo," akajibu Bi Mize, mdomo umejaa magimbi.